Jina la Deo, Damu Yako

Evodi,

Salamu nazipunguza, maana tunalala nyumba moja na asubuhi umenisikia nikigombana na beberu. Hali yangu unaijua. Mimi ni mzima, beberu naye ni mzima, na mama yako ametushinda wote wawili.

Sasa ni saa tisa mchana. Umeshuka Nyamiaga kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi mapema, kwa sababu shangazi yako hamwachi mtu mpaka amlishe mara mbili. Nimekaa nyuma ya jiko, nimeweka magotini daftari lako la jiografia, naandika kwenye kurasa ambazo hukuandika kitu. Ni nyingi. Sasa ndiyo nimejua kwa nini ulifeli.

Kesho unapanda lori, utingo kamili. Sitakwambia ufue soksi, wala usilale chini ya gari, wala umheshimu dereva. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumapili, na nikiongeza langu utasahau yote. Mimi nina jambo moja tu. Nimelizunguka siku mbili kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikaona kwa mdomo nitaligeuza mzaha. Unanijua. Basi nimeona niliandike, maana kalamu haichekeshi upesi kama ulimi.

Jambo lenyewe ni karatasi.

Juzi mama yako alikuwa anafua lile shati lako la mistari. Kawaida yake anapekua mifuko kama askari wa mpakani. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniletea. "Baba Evodi, nisomee hii, miwani yangu sijui nimeiweka wapi." Ilikuwa kichwani kwake. Sikumwambia. Nikaisoma kimya, nikasema, "Ni karatasi ya dawa ya mbuzi." Akarudi kufua. Huo ni uongo niliousema kwa ajili yako, na sikuona haya.

Karatasi ina mhuri wa kituo cha afya. Ina jina la rafiki yako Deo, majina yote matatu. Inasema kwamba Deo amepimwa virusi vya Ukimwi siku ya Jumanne, na hana.

Sasa, mwanangu, mimi niliishia darasa la tano, lakini Jumanne naijua. Jumanne Deo alikuwa juu ya banda langu la mbuzi tangu saa mbili asubuhi mpaka jua likazama, anapigilia bati na kuimba vibaya. Mchana alikula ndizi na maharage hapa, akaomba kuongezewa. Na wewe Jumanne hiyo uliniambia unakwenda Ngara mjini kutengeneza simu. Simu yako mpaka leo kioo kina nyufa kama kisigino changu.

Kwa hiyo najua damu iliyopimwa ni ya nani. Hongera, huna virusi. Habari zako nimezipata kwa jina la mtu mwingine.

Najua na sababu. Mchungaji ameomba cheti kabla hajatangaza ndoa ya Deo na Adelina, yule fundi cherehani wa Mugoma, aliyekupunguzia suruali ya safari huku akicheka miguu yako. Deo ameogopa. Aliendesha bodaboda miaka miwili kule malori yanapolala, na mambo ya huko anayajua mwenyewe. Amekwambia, "Kaka, wewe huna wasiwasi, nisaidie." Nawe ukamsaidia, maana mmekua pamoja na huwezi kumnyima. Ningekuchapa na ukubwa wako huo. Lakini mkono wangu hauna haki ya kukuchapa kwa kosa hili, na ndiyo sababu ya barua hii.

Watoto wa shule wananiita Mzee Vijiti. Ulipokuwa kidato cha tatu ulinikuta njiani wananiimbia, ukavuka upande wa pili kana kwamba hunijui. Nilikuona. Nikakupungia mkono kwa makusudi, tena mikono yote miwili. Umeniona kila Jumamosi nikienda kwa Verediana na mkoba wa vijiti vya kujipimia Ukimwi, vile vya kupangusa fizi, nawagawia wanaume wanaokunywa pale. Ukafikiri baba yako amezeeka vibaya. Nimezeeka vibaya kweli, ila si kwa hilo.

Verediana unamjua kama mama muuza rubisi. Unamwita mama mkubwa, na hujawahi kuuliza ukubwa wake ulitoka wapi. Alikuwa mke wa rafiki yangu Anselimu. Wewe Anselimu humkumbuki. Siku ya harusi yake alikubeba na ukamkojolea suti, akasema ni baraka.

Mimi na Anselimu tulikuwa watu wa mrija mmoja. Umeona wazee wanavyokaa: kibuyu kimoja, mrija mmoja, unavuta, unampa jirani yako. Mwenye pombe huonja kwanza, watu waone kwamba haina sumu, ndipo mrija unatembea. Kumnyima mwenzako mrija ni kumtukana mpaka babu yake. (Na usiniletee maneno ya vijana. Mrija hauambukizi Ukimwi. Ungekuwa unaambukiza, Ngara yote ingekuwa imekwisha kabla hujazaliwa.)

Anselimu alirudi kutoka machimbo ya dhahabu akiwa amepungukiwa meno mawili na kuongezewa hofu moja. Wenzake wawili aliochimba nao walikuwa wamekonda hadi wakafa. Akampenda Verediana, binti wa Nemba, na mchungaji wa wakati ule naye akataka cheti. Siku moja tumekaa, ananipa mrija, ananiuliza:

"Petro, wewe damu yako unaiogopa?"

"Damu yangu imenikosea nini?"

"Basi nenda ukapime."

"Nipime kwani nimekwambia naumwa?"

"Kwa jina langu."

Nikacheka mpaka pombe ikanitokea puani. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza, Evodi: niliona ni kichekesho. Wakati ule kumdanganya mtu wa serikali kulinipa raha kuliko rubisi.

Nikaendesha baiskeli nusu siku, mpaka kituo kimoja cha mbali ambako hakuna aliyenijua. Nikamkuta muuguzi mwanamke, mtu mzima, mpole.

"Jina lako?"

"Anselimu."

"Unafanya kazi gani, Anselimu?"

"Kuoa."

Akacheka. "Na umejiandaaje kupokea majibu?"

"Nimekunywa uji, mama."

Akanichoma kidole. Mzaha ukaishia hapo hapo. Sindano haikuuliza jina. Nilikaa kwenye benchi nikikumbuka safari zangu zote za mnadani, hata zile nilizokuwa nimeshazisahau, na nyumbani mama yako amekubeba mgongoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba waliokuwa wanapimwa ni sisi watatu, na Anselimu hayumo. Muuguzi alipotoka na kusema sina kitu, nilikwenda nyuma ya jengo nikautapika ule uji wote. Halafu nikapanda baiskeli, nikarudi nikiimba.

Anselimu aliisoma karatasi mara tatu. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake wa harusi. Nilikula nyama mpaka nikalegeza mkanda.

Mwaka haukuisha, Verediana akapata mimba. Akaenda kliniki, akapimwa, akaambiwa anavyo virusi, akapewa dawa za kumkinga mtoto. Akarudi nyumbani, akamweleza mumewe kila kitu. Anselimu akafungua sanduku, akatoa cheti.

Hapa, mwanangu, ndipo nisipopaelewa mpaka leo. Anselimu alijua. Alijua karatasi ile ni ya damu yangu. Lakini jina lilikuwa lake, mhuri ulikuwa wa serikali, na karatasi ilikuwa imelala sandukuni pamoja na cheti chake cha ubatizo. Mtu akilisoma jina lake mahali pazuri kila siku, mwishowe anaamini. Nilimtazama machoni siku ile. Hakuwa anadanganya tena. Alikuwa ameshaamini.

Wazee wakaitwa, kikao kikakaa kwa baba yake. Anselimu akainua karatasi. "Mimi ni mzima, hii hapa. Huyu mwanamke aseme ameutoa wapi." Karatasi ikapita mikononi mwa wazee. Hata wasiojua kusoma waliishika, wakaupapasa mhuri kwa kidole gumba kama watu wanaochagua kitambaa. Verediana amekaa chini kwenye mkeka, tumbo mbele, anaangalia mikono yake. Aliulizwa mara mbili ni mwanaume gani. Akasema, "Namjua mmoja tu, naye ameshika karatasi."

Mzee wa kikao akauliza, "Kuna mwenye neno kabla hatujafunga?"

Nikakohoa.

Watu wote wakanigeukia. Anselimu akanigeukia. Mzee akasema, "Naam, msimamizi. Tunakusikiliza."

Nikasema, "Hapana, mzee wangu. Ni vumbi tu."

Kikao kikafungwa.

Kesho yake Verediana akarudishwa kwao Nemba, na kwa kuwa mimi nilikuwa msimamizi wa ndoa, mimi ndiye niliyetumwa kumsindikiza. Nilisukuma baiskeli yenye godoro lake, yeye anatembea nyuma yangu. Tulipofika kwenye mteremko mmoja akaniuliza, "Shemeji, wewe unaniamini?" Nikamjibu, "Hapa pana mawe, angalia mguu." Hayo ndiyo maneno pekee niliyomwambia njia nzima.

Tangu siku hiyo kuna kitu ndani yangu kilikufa ganzi. Unajua mguu ukiulalia vibaya. Ila mguu huamka, ukauma, ukajua ni wako. Hiki hakikuamka. Watu wanasema Petro mcheshi, Petro hana shida. Mimi nacheka kama mtu anavyopiga mluzi akipita makaburini. Hata uliposema unaondoka, mama yako aliingia ndani akalia, mimi nikakuuliza kama lori lina breki.

Mwaka ule migomba iliponyauka, Anselimu akaanza kukohoa. Yeye alikohoa kweli. Hospitali wakamwambia apime, akawaonyesha cheti. "Nimeshapimwa." Wakamwambia ni cha zamani. Akasema mbona mhuri haujafutika. Nilikwenda kumwona na ndizi mbivu, nikamkuta amebaki masikio na macho. Akaninong'oneza:

"Petro, damu yako ilikuwa nzuri, bwana. Ungenigawia kidogo."

Tukacheka. Tulicheka wote wawili, yeye mpaka akashikilia mbavu. Pale ningeweza kusema, inuka, nakupakia kwenye baiskeli sasa hivi, twende ukapime kwa kidole chako mwenyewe, dawa zipo. Badala yake nikamfunika shuka. Nikasema, "Pumzika."

Akafa Alhamisi. Mimi nilikuwa mmoja wa wachimbaji wa kaburi. Sikulia. Nilikuwa naangalia mpini wa jembe, nikaona umelegea na unahitaji kuchongwa mwingine. Tulipomaliza nikagundua nina njaa. Wapo waliosema nina moyo mgumu. Mgumu si neno lake. Nilipapasa mahali pake, sikukuta kitu.

Verediana alikuja kumzika na mtoto mgongoni. Mtoto mzima, hana virusi. Zile dawa zilimkinga. Ndiye yule binti yake ambaye sasa yuko kidato cha sita na ananisahihishia Kiswahili changu. Na Verediana mwenyewe alikuwa amenawiri. Aliyeitwa mgonjwa ndiye aliyemzika mwenye cheti. Ukoo ukamwachia kiwanja kwa ajili ya mtoto, akaanza kupika pombe, na mimi nikawa mteja wake. Miaka mingi akinikaribisha, "Karibu shemeji," nami naketi, navuta, nampa jirani.

Mpaka siku moja nimewahi kufika, namkuta peke yake anakamua ndizi kwa nyasi, mikono imezama. Hakuinua kichwa.

"Shemeji, Anselimu alikuwa anakimbia hata sindano ya ng'ombe. Nani alimpimia?"

Utani wangu wote uliisha.

"Mimi."

Akaendelea kukamua. "Nilijua siku ile ulipokohoa. Vumbi, shemeji? Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini mbele ya mhuri? Wewe ndiye uliyekuwa na mdomo."

Nilingoja anifukuze, anitemee mate, animwagie yale maji ya ndizi. Akajifuta mikono. "Jumamosi uje mapema, kabla sijafungua kibuyu. Kuna kazi."

Jumamosi nikaenda. Kituo anakochukulia dawa walikuwa wamempa vile vijiti, wakamwomba atafute mwanaume wa kuwapelekea wanaume wenzake. Maana unajua mambo ya huku. Gari la wapimaji likionekana, wanaume wote wanaingia migombani, ghafla kila mmoja ana palizi. Lakini mtu unayevuta naye mrija mmoja utamkimbiaje? Akikuwekea kitu mkononi, umeshakishika.

Wanaume wanane walikuwa wamekaa. Kibuyu kimefungwa, kwa sababu kijiti hakitaki mtu aliyetoka kula wala kunywa, inabidi asubiri nusu saa. Kwa hiyo walikuwa na kiu na hasira. Nikasimama kueleza: fizi za juu mara moja, fizi za chini mara moja, unakitia kwenye kichupa chake, unangoja dakika ishirini.

Bonifasi, fundi baiskeli, akadakia. "Petro, udaktari umeusomea lini? Juzi umeshindwa kumkata mbuzi kwato."

"Mbuzi alikuwa na wasiwasi."

"Na wewe mwenyewe umepima?"

"Zamani. Niko safi."

Kutoka jikoni ikaja sauti ya Verediana, taratibu kabisa. "Ulipima kwa jina gani?"

Hawakuelewa. Mimi nilielewa. Akatoka na kigoda, akakiweka katikati ya wanaume, akakiweka kijiti juu yake.

"Mwenye pombe huonja kwanza, shemeji. Wewe ulishamwonjea mwenzako. Leo jionjee mwenyewe."

Nikaketi, nikapangusa fizi, nikakitia kwenye kichupa. Wanaume wazima wanane wakainama kukitazama kama watu wanaongoja yai lianguliwe. Hakuna pombe, hakuna hadithi. Bonifasi akashindwa kunyamaza.

"Mistari ikiwa miwili, tunaanza kulia au tunakunywa kwanza?"

Verediana akamjibu. "Mnakunywa. Kesho yake anakwenda kituoni apimwe tena wahakikishe, halafu anameza dawa kila siku kama mimi. Kwani mimi mnaniona maiti?"

Wote walikuwa wanajua, lakini hakuwahi kuwatamkia. Bonifasi akavua kofia, akaivaa tena, akasema, "Maiti gani inapunja pombe hivi."

Mstari ulikuwa mmoja. Wakanipigapiga mgongoni. Sikufurahi, sikuhuzunika. Niliutazama tu. Ni damu ile ile, Evodi. Watu wengine huuawa na damu mbaya. Anselimu aliuawa na damu nzuri, na ilikuwa yangu.

Verediana akafungua kibuyu, akaonja, akanipa mrija mimi wa kwanza. Sijui aliutoa kwa msamaha au kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu. Sijamuuliza mpaka leo. Hakuna aliyepima pale siku hiyo. Lakini Bonifasi alipoinuka kwenda kukojoa alipita nyuma yangu, akanyoosha mkono kwa chini. "Nipe kimoja. Cha mke wangu." Wote husema hivyo, cha mke wangu, cha shemeji yangu, mmoja aliniambia cha ng'ombe. Nikampa viwili. "Kimoja cha huyo mke wako mwenye ndevu. Kingine mpe yule unayemwazima spana." Na ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Hakuna anayepewa kimoja. Kimoja ukitie mfukoni ukapimie kwako gizani, kingine umpe mwenzako unayekula naye. Vimefika mbali vijiti hivyo, vimewafikia hata watu nisiosalimiana nao.

Katika wale wanane, mmoja alikuta mistari miwili. Alinifuata bandani alfajiri, akakaa na mbuzi wangu mpaka kulipokucha, tukaenda naye kituoni. Sitakwambia ni nani. Umeshamwamkia mara nyingi, ameitikia marahaba kwa sauti nene, na juzi alinishinda kubeba gunia.

Sasa turudi kwenye shati lako.

Ile karatasi Deo akiipeleka kwa mchungaji, ndoa itafungwa, nawe utakuwa uko njiani na lori, unakula mishikaki. Huenda Deo ni mzima, na yote haya ni kelele za mzee. Naomba iwe hivyo. Lakini kama si mzima, siku moja Adelina atakwenda kliniki na tumbo lake, atarudi kumweleza mumewe, na Deo atafungua sanduku. Karatasi yenye damu yako itapita mikononi mwa wazee. Wewe hutakuwepo hata kukohoa. Na huyo Deo wala hatakuwa mtu mbaya. Anselimu hakuwa mtu mbaya. Atakuwa ameshaamini tu.

Ningeweza kuichana. Nilikaa nayo karibu na moto jana, mama yako akaniuliza dawa ya mbuzi inasemaje. Lakini nikiichana mimi, mtaenda kupata nyingine. Jumanne ziko nyingi. Nimeirudisha kwako. Iko kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Na hapo hapo nimeweka vijiti viwili.

Nimemwambia Deo aje kesho saa mbili asubuhi akusaidie begi mpaka njia panda. Nimemwambia asile kwao, atakula hapa. Hajui kitu. Lori linapita saa sita. Mama yako nitamtuma kwa Verediana kuchukua kitu nitakachokibuni. Mimi nitakuwa bandani, sitawachungulia. Nitachungulia kidogo.

Majibu yako unayo, najua. Onja tena. Onja wewe kwanza, mbele yake, ndipo umpe cha kwake. Akikataa, usimlazimishe wala usimtukane, mwachie aondoke nacho. Ila ile karatasi usimpe. Atakukasirikia. Atakwambia wewe si ndugu. Mimi Anselimu hakunikasirikia hata siku moja, alikufa ananipenda, na sikushauri uyapate mapenzi ya namna hiyo.

Na ikitoka miwili, wewe panda lori lako. Mimi na Verediana tutamsindikiza kituoni, na safari hii mtu akiniuliza kitu njiani sitamwonyesha mawe. Adelina ataambiwa na Deo mwenyewe. Wanaweza hata kuoana wakitaka. Dawa zipo, na Verediana atawaeleza vizuri kuliko mchungaji.

Sijui kesho lori likiondoka nitahisi nini. Huenda nisihisi kitu, nikasimama pale nikiangalia matairi. Usinitazame usoni ukitafuta machozi, utakosa na utaondoka umenuna. Tazama mikono. Nitaipunga, yote miwili, kama siku ile ulipovuka barabara.

Lakini kabla ya lori kuna zile saa za asubuhi. Deo atakuwa amekaa kwenye kigoda changu, amekunyooshea mkono, anangoja karatasi yake. Atakuuliza, "Vipi, kaka, mbona kimya?" Nawe koo litaanza kukuwasha. Nalijua koo hilo, umelirithi kwangu. Kohoa ukitaka.

Ila usiseme ni vumbi.

Mimi baba yako,
Petro, huyu huyu Mzee Vijiti